Arusi ya Kupanga

Kitenzi kupanga kina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo hukaa nyumba moja bila ya kugombana. Kupanga ni kuweka mambo katika utaratibu: mtu hupanga vitabu, hupanga safari, hupanga maneno yake kabla ya kusimama mbele ya wazee. Kupanga, tena, ni kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kodi. Mpangaji wa maana ya kwanza ni bwana wa shughuli. Mpangaji wa maana ya pili ni mgeni mwenye stakabadhi. Aghalabu msikilizaji hutambua mara moja ni maana ipi iliyokusudiwa. Lakini iko shughuli moja ya zama zetu inayozikusanya maana zote mbili hata haiwezekani kuzitenga. Shughuli hiyo ni arusi ifanywayo mbali na kwao wanaooana, katika kasri la kale la Ulaya, kwa siku mbili au tatu zilizolipiwa. Arusi imepangwa, na kasri limepangwa.

Walio mashuhuri walitangulia katika desturi hii. Mwaka 2007 mwigizaji Eva Longoria na mcheza mpira wa kikapu Tony Parker walifanya karamu ya arusi yao katika kasri la Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki ya Paris. Mwaka 2018 waigizaji wa Kihindi Deepika Padukone na Ranveer Singh waliifanya yao katika Villa del Balbianello, jumba la karne ya 18 ukingoni mwa ziwa Como, Italia. Wasio mashuhuri wakafuata. Leo watu wa kazi za kawaida, na miongoni mwao wamo vijana wa kwetu waliofanya maskani yao Ulaya, Ghuba au Marekani, huweka akiba kwa miaka ili wapate jioni moja chini ya dari iliyochorwa kwa ajili ya waziri au mwana wa mfalme.

Kazi ya kupanga arusi ya namna hii ni kubwa. Kasri hushikwa mwaka mmoja au zaidi kabla, maana majira mazuri ya Ulaya ni mafupi, na Jumamosi za tangu Mei hata Septemba ni za kuhesabika. Hulipwa arbuni. Hutiwa sahihi mkataba unaosema wageni wangapi waingie, wapishi gani waruhusiwe, muziki ukome saa ngapi, na nani alipe kikivunjika kitu. Huajiriwa mtu ambaye kazi yake ni kuyapatanisha yote hayo, naye hushika mahali palipokuwa pa mashangazi, makungwi na wazee wa mtaa. Katika hayo yote hapana dhambi. Mkataba, walakini, huwahesabu wageni watakaokuja, hauwahesabu watakaokosa. Maneno yafuatayo yanahusu hao watakaokosa.

Swali lenyewe laweza kusemwa hivi: je, wanaooana wana haki ya kuipeleka arusi yao mahali ambapo wale wapasao kuishuhudia hawawezi kufika? Wengi watajibu upesi kwamba wanayo, kwa sababu fedha ni zao na arusi ni yao. Kwamba fedha ni zao, sina la kubisha. Kwamba arusi ni yao peke yao, ndilo neno litakalo kupimwa.

Tuanze na tofauti ambayo lugha yetu imekwisha kuiweka. Kiswahili kina ndoa na kina arusi, wala mtu mzima hachanganyi mambo hayo mawili. Ndoa ni kifungo. Arusi ni furaha ya kifungo hicho. Ndoa hudumu hata kifo au talaka. Arusi huisha sufuria zikisuguliwa. Ndoa yaweza kuwapo bila ya arusi, na watu maskini wengi wameishi hivyo kwa heshima kamili. Arusi bila ya ndoa ni ngoma tu. Ikiwa ndivyo, arusi ni mtumishi wa ndoa, na mtumishi hupimwa kwa utumishi wake. Utumishi wa arusi ni kuwaita watu waone. Waone nini? Waone kwamba fulani na fulani, kwa hiari zao, wameahidiana, ili siku ahadi ile itakapotetereka awepo mtu wa kusema, “Mimi nilikuwapo.”

Sheria za watu walio mbalimbali sana zimekutana katika jambo hili. Fikihi ya Kiislamu, kwa rai ya wanazuoni walio wengi, hutaka mashahidi wawili katika akdi, na Waislamu wamehimizwa kuitangaza ndoa isije ikafanana na siri. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento, liliamua mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili au watatu. Sababu ilikuwa chungu. Watu walikuwa wakioa faraghani, kisha wakawaacha wake zao na kuoa wengine hadharani. Na yule wa faraghani hakuwa na mtu wa kumsemea. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1753 sheria ya kuzuia ndoa za siri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hutaka nia ya kuoana itolewe taarifa siku 21 kabla, na mashahidi wawili wawepo. Waliotunga sheria hizi hawakusoma kitabu kimoja wala hawakuabudu mahali pamoja, lakini wote waliogopa jambo moja: ahadi isiyo na mtu aliyeisikia. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka jumba.

La kushangaza zaidi ni kwamba hata nchi zenye makasri zalikubali neno hili. Katika Ufaransa, tangu mwaka 1792, ndoa itambuliwayo na sheria ni ile inayofungwa na ofisa wa serikali. Kanuni ya Kiraia ya nchi hiyo husema ndoa ifanywe hadharani, katika mji au kijiji ambako mmoja wa wanaooana, au mzazi wake, ana makazi; tangazo libandikwe siku kumi katika ofisi ya meya; na mashahidi wasipungue wawili wala wasizidi wanne. Mgeni asiye na makazi huko, wala mzazi mwenye makazi huko, hawezi kupata ndoa kwa sababu amekodi kasri. Awezalo kulipata ni sherehe iliyo mfano wa ndoa: maneno mazuri, pete, machozi na makofi. Mbele ya sheria maneno yale hayana uzito kupita maneno ya waigizaji jukwaani. Italia ni laini zaidi, maana miji mingine imeyaidhinisha baadhi ya majumba yake ya kale yatumike kwa ndoa za kiserikali, maadam mgeni ameleta hati ya kwao kwamba hana kizuizi. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika mwaka 1995, iliruhusu ndoa za kiserikali katika majumba yaliyoidhinishwa. Lakini pamoja na ruhusa hiyo liliwekwa sharti kwamba watu waweze kuingia kushuhudia bila ya kulipa kiingilio. Yaani, hata jumba liwe la mtawala, saa ya ahadi mlango wake hauna budi kuwa wazi kwa mpita njia.

Kwa sababu ya sheria hizi, wengi wa wanaokwenda kufanya arusi katika makasri ya Ufaransa huwa wamekwisha kufunga ndoa kwao, katika ofisi ya msajili. Hapa ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Safari ya ofisini aghalabu hufanywa asubuhi ya siku ya kazi, kwa nguo za kila siku, na mashahidi wawili walioombwa kwa simu jana yake. Huitwa kumaliza mambo ya karatasi. Mama hakuambiwa, au aliambiwa asijisumbue kuja, kwa kuwa arusi yenyewe itakuwa Septemba, kasrini. Basi kile kifungo kilichohitaji macho ya watu hufungwa pasipo macho, na ule mfano usiofunga kitu huitiwa macho kutoka pande zote za dunia. Lile lifungalo hufichwa, na lile lisilofunga huonyeshwa. Kama mtumishi amevikwa joho la bwana, na bwana ameachwa uani na kanzu kuukuu, nyumba hiyo imepinduliwa, hata ikiwa kila mtu ndani yake anacheka.

Ni kweli kwamba kasri huvuta moyo, na mwenye kulilaumu bila ya kulitazama hatendi haki. Natulitazame lile la Vaux-le-Vicomte, kwa kuwa historia yake yatufundisha jambo juu ya karamu na wageni. Lilijengwa tangu mwaka 1656 na Nicolas Fouquet, msimamizi wa hazina ya mfalme Louis wa 14. Aliwaita mafundi watatu waliokuwa bora katika nchi yao: Louis Le Vau kwa majengo, Charles Le Brun kwa picha na mapambo, André Le Nôtre kwa bustani. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme, kijana wa miaka 22. Palikuwa na karamu kubwa, mchezo mpya wa Molière bustanini, na fataki usiku. Siku 19 baadaye, tarehe 5 Septemba, Fouquet alikamatwa Nantes kwa amri ya mgeni wake. Wanahistoria husema mfalme alikwisha kuazimia kabla ya karamu. Lakini karamu haikumwokoa mwenyeji, na yamkini ilimwongezea kosa. Mahakama ilimhukumu kufukuzwa nchini. Mfalme akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Fouquet alikufa ngomeni Pignerol mwaka 1680. Mafundi wale watatu walichukuliwa kuijenga Versailles.

Katika umati wa jioni ile, ni wangapi waliokuwa mashahidi wa Fouquet? Wageni wote walikula, wote walishangilia fataki. Ulipokuja msiba, sauti zilizosikika zilikuwa chache. Mshairi La Fontaine alimwombea huruma kwa beti, na kwa hilo hakujipendekeza kwa mfalme. Paul Pellisson, katibu wake, aliyekamatwa naye, aliandika maneno ya kumtetea hali yeye mwenyewe yumo gerezani Bastille. Hawa hawakufanywa mashahidi na mapambo ya ukumbi. Walimjua Fouquet kabla ya fataki. Leo bibi arusi akisimama penye ngazi zile ili apigwe picha, asimama mahali ambapo karamu moja iliyopangwa kuliko zote haikumpatia mwenye nyumba hata usiku mmoja wa usalama. Methali yetu yasema nyumba njema si mlango. Yaweza kuongezwa kwamba karamu njema si ukumbi.

Msomaji mwangalifu atapinga. Atasema: ikiwa macho ya watu ni ngao ya ndoa, mbona ndoa nyingi zilizoshuhudiwa na maelfu zilikuwa za dhuluma? Pingamizi hili ni zito, na mfano wake ulio wazi wahusu kasri jingine. Tarehe 6 Novemba 1895, katika kanisa moja la New York, Consuelo Vanderbilt, msichana wa miaka 18, aliolewa na mtawala wa tisa wa Marlborough, bwana wa kasri la Blenheim karibu na Oxford. Kasri hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 18 kuwa zawadi ya ushindi wa vita wa mwaka 1704, na katika siku za Consuelo lilihitaji fedha za kulitengeneza. Baba yake alitoa hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5. Barabara zilijaa watu waliokuja kumwona bibi arusi, wala hawakujua kwamba asubuhi ile alikuwa amelia. Walitalikiana mwaka 1921. Mwaka 1926, ndoa ilipobatilishwa na mahakama ya Kanisa Katoliki, mama yake mwenyewe alitoa ushahidi kwamba alimlazimisha.

Kisa hiki hakivunji hoja ya ushahidi, huisafisha. Chatufundisha kwamba watazamaji si mashahidi. Umati wa New York uliona gauni, haukumwona mtu. Na kwa upande mwingine, ukweli uliposemwa mwishowe, ulisemwa na yule aliyekuwa karibu kuliko wote, hata ingawa alikuwa ndiye mkosaji. Basi shahidi ni nani? Ni mtu mwenye sifa mbili: amekujua kabla ya siku ile, na atakuona baada yake. Mwenye sifa ya kwanza aweza kutambua kama tabasamu yako ni yako au umevishwa. Mwenye sifa ya pili aweza kukuuliza, miaka mitatu baadaye, kwa nini umekonda. Mpiga picha huona zaidi ya wote siku ya arusi, lakini hana sifa hata moja katika hizi. Akipokea ujira wake amekwenda zake. Bawabu wa kasri vivyo hivyo, na mpishi, na yule aliyeajiriwa kuyaongoza yote. Hao ni watu wema wafanyao kazi yao, na siku ya shida hawatakuwa na habari nawe.

Wengine hujibu kwamba kuta za kale zenyewe ni mashahidi. Ahadi ikisemwa mbele ya mawe ya miaka mia tatu, hupata uzito wa miaka hiyo. Maneno haya ni matamu, na udhaifu wake ni kwamba mawe huona yote na hayasemi neno. Jumba la Harewood, katika Yorkshire, lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa utajiri wa ukoo wa Lascelles. Utajiri huo ulitoka katika sukari ya Barbados, na katika biashara na jasho la Waafrika waliouzwa huko. Anayesimama katika ukumbi wa namna hii hawezi kuchagua kwamba kuta zimshuhudie yeye na zisiwashuhudie wale. Ikiwa mawe ni mashahidi, basi yana ushahidi mwingi wa kutoa, na ahadi ya jioni moja ni mstari mmoja mdogo katika daftari lao. Sisemi kwamba mtu mweusi asiolewe penye ukumbi ambao babu zake waliulipia bila ya hiari. Yawezekana yeye ana haki zaidi ya kucheza hapo kuliko mwingine yeyote. Nasema tu kwamba lazima ajue anacheza juu ya nini, wala asidhani kwamba uzee wa jiwe ni baraka.

Turudi kwa watakaokosa. Mtu wa Tanzania au Kenya anayetaka kuingia Ufaransa au Italia, hata kwa siku tatu za arusi, hana budi kuomba viza. Ada yake kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni yuro 90, nayo hairudishwi akikataliwa. Atatoa alama za vidole. Ataonyesha taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 za matibabu. Ataonyesha kwamba ana sababu ya kurudi kwao. Sasa mfikirie bibi wa Tanga mwenye miaka 74, ambaye hana akaunti ya benki, aliyemlea bibi arusi tangu utoto. Sifa mbili za shahidi anazo zote: alimjua kabla, na akiwa hai atamwona baada. Lakini hukumu ya kuingia kwake imewekwa mikononi mwa karani asiyemjua yeye wala mjukuu wake, na karani huyo atauliza mali, hatauliza malezi. Wanaooana hawakulitaka jambo hili. Hawakuandika popote kwamba bibi asije. Waliandika tu jina la kasri juu ya kadi, na kadi ikafanya kazi iliyobaki.

Hili ndilo lililo zito katika arusi ya mbali: huwachuja watu bila ya mtu yeyote kukubali kwamba amechuja. Mjomba mwenye cheo atafika, na rafiki wa mwaka jana kazini atafika, kwa kuwa ana pasi ya nchi isiyoulizwa. Shangazi aliyelipa ada za shule hatafika. Siku ile ya picha, waliokaribu watakuwa mbali na walio mbali watakuwa karibu, na kila mmoja atasema, “Gharama ndiyo iliyoamua.” Lakini gharama haina hiari. Aliyechagua mahali ndiye aliyechagua watu.

Methali yasema, mcheza kwao hutunzwa. Watu huitumia methali hii kumsifu mwenye kukaa kwao, lakini katika arusi ina maana iliyo kamili zaidi. Kutunza ni kumpa mchezaji fedha au kanga anapocheza. Na kutunza ni kulinda kitu kisiharibike. Anayemtunza bibi arusi kwa maana ya kwanza hujifunga kumtunza kwa maana ya pili. Hii ndiyo hekima iliyojificha katika michango ya arusi, ambayo wengi wetu twailalamikia kwa haki, kwa kuwa kamati nyingine hugeuka watoza ushuru. Lakini aliyetoa mchango wake mdogo amenunua neno. Siku bwana arusi atakapompiga mkewe, mtoa mchango yule aweza kugonga mlango na kusema, “Hatukula wali kwa ajili ya haya.” Mgeni wa kasri, aliyejilipia ndege na hoteli na kurudi kwake upande mwingine wa dunia, hata akiwa na upendo mwingi, hana mlango wa kuugonga. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Haki yadai tusikilize pia maneno ya upande wa pili, maana yapo na yana nguvu. La kwanza ni la uzuri. Binadamu ana haki ya kupenda uzuri, na maskini ana haki hiyo sawa na tajiri. Bustani ya Le Nôtre ilikuwa ya wakubwa peke yao. Leo binti wa mwalimu aweza kuipita kwa gauni jeupe. Huo ni ushindi, wala sitauita upuuzi. Lakini uzuri waweza kuzuriwa mwaka wowote, kwa tiketi ya siku moja, na mume mkononi. Wala bustani haihitaji kuwa mahali pa ahadi ili ipendwe.

La pili ni la riziki. Majumba ya kale hula fedha: paa, madirisha, mabomba, mioto ya baridi. Vaux-le-Vicomte ni mali ya ukoo. Patrice de Vogüé, aliyelipokea mwaka 1967 kuwa zawadi ya arusi, alilifungua kwa watu mwaka 1968, na tangu hapo kiingilio na karamu vimesaidia kulisimamisha. Ni kweli. Walakini kuna mpaka kati ya kukodi ukumbi na kukodi mji. Mwezi Juni 2025, tajiri Jeff Bezos alipomwoa Lauren Sánchez Venice, baadhi ya wenyeji waliandamana kwa sababu waliona mji wao umekuwa pambo la sherehe wasiyoalikwa. Kwetu, mtu akifunga njia ya mtaa kwa turubai la arusi, hupeleka sahani kwa jirani aliyefungiwa njia. Wenyeji wa Venice walipewa kelele, hawakupewa sahani. Na arusi isiyo na jirani imekosa shahidi wa tatu, yule ambaye hakualikwa kwa jina bali kwa ukuta wake.

La tatu ni zito zaidi. Yuko mtu ambaye hana tena mahali paitwapo kwao. Mama yuko Muskati, baba Mombasa, ndugu wako Toronto na Birmingham, na bwana arusi ni mtu wa Lyon. Kwa hawa, mahali popote ni mbali kwa mtu fulani, na kasri laweza kuwa njia panda ya haki. Vilevile yuko mtu ambaye mashahidi wake ndio wadhalimu wake, kama Consuelo, na kukimbilia mbali kwake ni kuokoka. Hao siwalaumu. Kipimo chao ni kile kile, nacho huwapa haki: wamewatafuta wale waliowajua kabla na watakaowaona baada, na wamekwenda mahali ambapo hao waweza kufika.

La nne ni la uchache. Mtu atasema: kama mashahidi wawili watosha kwa sheria, kosa la arusi ndogo liko wapi? Halipo. Mtu anayeoa mbele ya wawili na kula tende na kahawa amewakosesha wote kwa usawa, na hakuna aliyeaibika. Uchache hauumizi, mchujo ndio uumizao. Arusi ya watu wanane nyumbani yaweza kusamehewa na ukoo mzima. Arusi ya watu themanini kasrini itakumbukwa na yule wa themanini na moja.

Basi sisemi kwamba kasri ni haramu. Nasema kwamba lipo jambo ambalo lazima lipangwe kwanza, na wapangaji wengi hulipanga mwisho. Desturi ya sasa huanza na mahali, kisha tarehe, kisha idadi ambayo mahali pameruhusu, kisha majina ya kujaza idadi. Utaratibu ulio wa haki huanza na majina: ni nani ambaye pasipo yeye ahadi yangu itakuwa imesikiwa nusu? Majina hayo si mengi. Kwa watu wengi hayafiki kumi na mawili. Yakishaandikwa, yaulizwe magoti yao, pasi zao, mifuko yao na afya zao, na majibu yao ndiyo yachague mahali. Yakichagua kasri, heri. Yakichagua uwanja wa nyumba ya bibi, na iwe hapo. Na maua yaliyokusudiwa Ufaransa yapelekwe Tanga.

Na kwa wale ambao mioyo yao haitatulia mpaka wameziona ngazi za Vaux, iko njia isiyomdhulumu mtu. Siku ya kutia sahihi mbele ya msajili, au kadhi, au padri, ivikwe nguo njema kuliko zote. Mama aitwe siku hiyo. Bibi akae mbele, asikie kila neno kwa sikio lake lililo zima, na aulizwe kama amesikia. Safari ya kasri ije baadaye, ikiwa safari, na iitwe kwa jina lake. Hapo wanaooana watapanga kasri kama wapangaji wa kweli wapangavyo, wakijua siku ya kuingia na siku ya kutoka, na kwamba kile walichokwenda kukishangilia walikwisha kukiacha nyumbani, mikononi mwa watu ambao, usiku wa ugomvi wa kwanza, waweza kubishiwa hodi.